Pikipiki Iliyotumika: Kadi na Fremu Kwanza, Injini Baadaye

Mnunuzi akiletewa pikipiki iliyotumika, jambo la kwanza analoomba ni iwashwe. Injini ikilia vizuri moyo unatulia, na kuanzia hapo kinachobaki ni kuvutana bei. Wauzaji wanalijua hilo fika. Ndiyo maana vijisenti vya kuiandaa pikipiki kwa soko huishia kwenye injini na kwenye sura: oili nzito ya kufunika kelele, plagi mpya, kabureta iliyosafishwa, tangi lililopigwa rangi na kubandikwa stika za dukani. Ukaguzi wa namna hiyo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa pikipiki nyingi zinazouzwa mkono wa pili Tanzania, injini ndiyo inayotengenezeka kirahisi kuliko vyote. Fremu iliyopinda na kadi yenye utata ndivyo vitakavyokutesa.

Sababu iko kwenye aina ya pikipiki zenyewe. Soko letu limejaa Boxer za Bajaj na HLX za TVS kutoka India, pamoja na za Kichina kama SanLG, Fekon, Kinglion na Haojue. Karibu zote zina silinda moja, hupozwa kwa upepo, na injini zake ziko kati ya cc 100 na 150. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kufungua injini ya juu asubuhi, akabadilisha pistoni na ringi, akapeleka bloku kuchongwa au akaweka mpya, na jioni ukaondoka nayo. Spea zinapatikana Kariakoo, na zinapatikana pia kwenye kibanda cha pembeni ya stendi huko wilayani. Nyingi kati ya hizo za Kichina zinatumia injini iliyotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo wahandisi wa Honda waliisanifu wakijua itakwenda nchi ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Waliondoa cheni ya taimingi, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, ili kipungue kitu kimoja cha kuharibika. Mashine ya namna hiyo hufa mara nyingi na kufufuka mara nyingi.

Fremu haifufuki hivyo. Kadi nayo haichomelewi.

Kabla ya kufika huko kuna suala la umri. Pikipiki nyingi za mkono wa pili zimewahi kubeba abiria, hata zile ambazo muuzaji anaapa zilikuwa za kwendea kazini. Chukua hesabu nyepesi: bodaboda ikitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 30,000. Miaka mitatu ni 90,000. Sasa unaletewa pikipiki ya miaka minne, spidomita inasoma 21,000. Inawezekana ikawa kweli. Lakini kwenye pikipiki nyingi za aina hii spidomita huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele, na waya huo ukikatika au ukichomolewa, pikipiki inatembea bila kuhesabu chochote. Kwa hiyo soma mahali ambapo watu hawakumbuki kudanganya. Angalia raba za kukanyagia miguu, hasa ile ya kushoto karibu na gia. Angalia pedeli ya breki imelika kiasi gani, kiki imeng'aa kiasi gani, tundu la ufunguo limepanuka vipi. Ukiona grip mpya, siti mpya na raba mpya kwenye pikipiki inayodai kilomita 21,000, jiulize vile vya zamani viliisha kwa kazi gani.

Uliza pia ilikuwa ya hesabu au ya mkataba, maana majibu haya mawili yana tabia tofauti. Ya hesabu, mwenye mali hukaa nyumbani akisubiri fedha ya siku, na dereva hana sababu ya kutoa pesa yake mfukoni kununulia oili chombo kisicho chake. Ya mkataba, kijana analipa kila siku au kila wiki kwa muda waliokubaliana, kisha pikipiki inakuwa yake. Huyu mara nyingi huanza kuitunza pale anapoona mwisho wa mkataba unakaribia. Mimi ningechagua ya mkataba iliyokaa na dereva yule yule kuliko ya hesabu iliyopita mikono ya madereva wengi, hata kama ya pili inang'aa zaidi.

Sasa kadi. Hakikisha ni kadi halisi iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Nakala iliyotolewa fotokopi haitoshi, wala picha kwenye simu, wala "kadi iko kwa bosi Mwanza, itatumwa kwa basi kesho." Kadi inaonyesha jina la mmiliki, namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini. Siku hizi namba za pikipiki zinaanza na MC; ukikuta pikipiki yenye namba inayoanza na T kama ya gari, ujue ilisajiliwa kabla ya utaratibu huo, kwa hiyo ni kongwe. Hilo pekee si kosa. Kosa ni jina lililo kwenye kadi kutofanana na la anayekuuzia, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapofumba macho. Utaambiwa: "Mimi niliinunua kwa jamaa, naye alinunua kwa mwalimu mmoja, hatukuwahi kubadilisha jina." Maana yake ni kwamba kwenye kumbukumbu za TRA pikipiki bado ni ya mwalimu. Ukitaka kuhamisha umiliki TRA utahitaji mkataba wa mauziano unaomhusisha mmiliki anayetambulika, TIN, kadi yenyewe, na ada pamoja na ushuru wa stempu. Mwalimu akiwa amehamia Katavi, au amefariki, kazi imekuwa kubwa. Akiwa amefariki, anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mkubwa anayeshika ufunguo hana mamlaka hayo kwa sababu tu yeye ni mkubwa.

Kuna utata mwingine unaoonekana kidogo zaidi: mkopo. Pikipiki nyingi siku hizi hununuliwa kwa mkopo wa kampuni, kikundi au mtu binafsi, na kadi hubaki kwa aliyekopesha mpaka deni liishe. Muuzaji aliyeelemewa na marejesho anaweza kukuuzia kwa bei nzuri ajabu akiwa na ripoti ya polisi ya "kupotelewa na kadi". Bei nzuri ajabu pamoja na kadi iliyopotea ni vitu viwili ambavyo vikikutana, mimi huaga. Faini za barabarani ni jambo jepesi zaidi: deni linaweza kuangaliwa kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, na kazi hiyo unaimaliza kwa simu mkiwa mmesimama hapo hapo. Deni likiwepo, lilipwe mbele yako au likatwe kwenye bei, msiachiane ahadi. Kwa wasomaji wa Kenya, kinachochukua nafasi ya kadi ni logbook, na uhamisho hufanyika mtandaoni kupitia mamlaka ya usafiri ya huko, NTSA. Fedha isitoke kabla mwenye jina hajaanzisha uhamisho huo yeye mwenyewe.

Baada ya karatasi, piga goti. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, na ili uisome vizuri unahitaji kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, tochi ya simu, na usukani ukunjwe upande mmoja. Kwenye pikipiki za kisasa namba hiyo ina herufi na tarakimu 17. Za India huanza na M, za China na L, za Japani na J. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika mfumo huo, kwa sababu zinachanganyika na 1 na 0; ukiona O ya wazi katikati ya namba, kuna mkono wa mtu hapo. Pitisha kidole juu yake. Namba ya kiwandani ina kina kinacholingana na nafasi zinazolingana. Iliyochezewa huwa imezama upande mmoja, au imekaa juu ya chuma kilichosagwa kikawa laini kuliko sehemu nyingine, au imefunikwa na rangi mbichi ilhali fremu yote ina rangi ya zamani.

Namba ya injini nayo isomwe, iko chini ya bloku kwenye kasha la injini. Kwa injini za Kichina za ukoo wa CG, mwanzo wa namba hiyo unakueleza na ukubwa wake. Ikianza na 162FMJ ni injini ya cc 150, ile 62 ikiwa ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ikianza na 156FMI ni ya cc 125. Ubavuni kuna stika ya "150", bei imetajwa ya 150, na kwenye chuma imeandikwa 156FMI: hapo huhitaji fundi kukueleza. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ila kama kadi ina namba ya injini ya zamani, huo ni mgogoro unaokusubiri siku ya kuhamisha jina au siku ya kusimamishwa barabarani.

Fremu inaliwa na mambo matatu: ajali, mzigo na chumvi. Ajali itafute mbele. Simama hatua kadhaa nyuma ya pikipiki iliyonyooshwa usukani, chuchumaa, utazame kama tairi la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja. Itegeshe kwenye stendi kubwa, mwombe mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha shika miguu ya shokapu kwa chini uvute na kusukuma. Ikicheza na kugonga, beringi za usukani zimekwisha, na hiyo ni gharama ndogo. Zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikwama kidogo katikati, ni tatizo lile lile. Lakini ukiona rangi ya fremu imepasuka au kukunjamana chini ya tangi, karibu na shingo, hapo chuma kilipigwa kikajikunja. Fundi atakuambia inanyooshwa. Inanyooshwa kweli, na itakuvuta upande mmoja ukifika kilomita 60 kwa saa.

Mzigo utafute nyuma. Mishikaki ya abiria watatu, magunia ya mkaa, madumu ya maji: yote hayo hukaa nyuma ya siti, mahali ambapo fremu ni nyembamba. Vua siti. Hili wauzaji hawalipendi, na ndiyo sababu ya kulifanya. Tazama pale shokapu za nyuma zinapofungwa na pale keria inaposhikilia. Mstari wa kuchomelea wa kiwandani ni sawasawa na umefunikwa na rangi ile ile ya fremu. Wa mtaani una mabonge, na mara nyingi wameongeza kipande cha nondo. Nondo moja kwenye keria naisamehe. Nondo kwenye fremu yenyewe siisamehe. Shika tairi la nyuma ulisukume kushoto na kulia: likicheza ovyo, ama beringi za gurudumu ama bushi za mkono unaoshika gurudumu zimeisha, na bushi zikiachwa muda mrefu zinakula matundu ya chuma zinamokaa.

Chumvi ni ya watu wa pwani. Pikipiki iliyoishi Kigamboni, Tanga au Unguja karibu na maji huoza kuanzia ndani, kwenye mabomba ya fremu, chini ya betri, nyuma ya ekzosi. Gonga kwa ufunguo na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Fungua tangi umulike kwa tochi, usithubutu kiberiti. Kutu ya kahawia ndani ya tangi itakuwa inaziba kabureta kila baada ya muda. Kwa Dar es Salaam ongeza swali la mafuriko. Pikipiki iliyolala ndani ya maji bonde la Msimbazi huoshwa ikapendeza, lakini tope jembamba hubaki ndani ya taa ya mbele, kwenye kasha la chujio la hewa, na kwenye soketi za nyaya.

Ndipo tufike kwenye injini, na hapa naomba kitu kimoja tu: iwe ya baridi. Mafundi wazoefu wana mtindo wao. Wanamsalimia muuzaji, wanamuuliza habari za nyumbani, na huku wakiongea wanasogeza kiganja karibu na mapezi ya bloku.

"Umetoka nayo mbali, kaka?"

"Hapana, mzee wangu, ilikuwa imelala tu hapo ndani tangu jana."

"Basi imelala na homa. Tunywe chai kwanza."

Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana jambo la kuficha kwenye uwashaji wa asubuhi, na chai inalifichua. Ikishapoa, usitumie stata. Sukuma kiki taratibu kwa mkono au kwa mguu ukisikiliza upinzani. Kiki inayozama bila kukupinga inaonyesha kompresheni imekimbia, kupitia ringi au valvu. Kisha iwashe na usimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni tu na kukoma mara nyingi ni sili za valvu, kazi ya bei ndogo. Wa bluu unaoendelea kila unapovuta mafuta ni ringi na bloku. Mweusi ni mafuta yanayozidi hewa, anza na chujio lililoziba na kabureta. Mvuke mweupe wa asubuhi kule Njombe au Lushoto hauna neno.

Kelele zina ngazi. Tiki-tiki ya juu kwenye injini za ukoo wa CG aghalabu ni tapeti zinazohitaji kurekebishwa. Kwenye Boxer na HLX, ambazo zina cheni ya taimingi, mkwaruzo wa ubavuni unaweza kuwa cheni hiyo au kikaza chake. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaosikika zaidi ukivuta na kuachia mafuta, ni beringi za krenki. Hapo injini lazima igawanywe nusu mbili, na huu ndio ubovu wa injini pekee ambao mimi huuhesabu kuwa sababu ya kuacha, au ya kudai bei ishuke hasa. Chomoa kijiti cha oili. Nyeusi ni ya kawaida kwa bodaboda. Ya rangi ya chai ya maziwa ina maji. Yenye vumbi la chuma linalometameta ukiifikicha kati ya vidole inasimulia yaliyobaki. Kumbuka injini hizi hubeba takribani lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Ikiwa chache na chafu, injini, gia na klachi vinaumia pamoja. Anayetumia oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano huishia na klachi inayoteleza: injini inapaza sauti, mwendo hauongezeki. Utaliona hilo ukipanda mlima na abiria mmoja, si kwa kuzunguka uwanja.

Kuna pikipiki chache ambazo kanuni ya moshi haizihusu. Ni zile za zamani za miradi, mashirika na idara za serikali zinazofika sokoni kupitia minada: Yamaha AG100, Yamaha DT125, Suzuki TF125. Hizi ni za mipigo miwili, huchoma oili kwa maumbile yake, kwa hiyo moshi kidogo wa bluu ni afya. Isiyotoa moshi kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka, kwani pampu ya oili ikiwa imekufa pistoni itaganda siku si nyingi. Zina fremu imara kuliko nyingi zinazoletwa leo, na ningeshawishika kununua moja, isipokuwa spea zake hazipo kwenye kibanda cha stendi. Ile hoja ya injini inayotengenezeka kirahisi hapa inageuka: fremu nzima, karatasi safi za mnada, na injini inayokufanya usubiri spea wiki nzima.

Vilivyobaki ni vya kuhesabu pesa tu. Vuta cheni kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka ukaona nusu ya jino, na meno yenyewe yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa, nunua seti nzima. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata likiwa na vishipa virefu kiasi gani. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi, iliyolegea utaisikia. Futa mabomba ya shokapu za mbele, bonyeza mara kadhaa, uone kama mafuta yanatoka kwenye sili. Nyaya zilizofungwa kwa utepe mweusi karibu na usukani ni kumbukumbu ya muziki na taa za ziada za dereva aliyepita. Jaribu honi, indiketa na taa ya breki moja moja. Taa ya mbele inayofifia injini ikiwa silensa (ikiunguruma bila kuvutwa mafuta) na kuwaka ukivuta mafuta, kwenye pikipiki nyingi za zamani ndivyo ilivyoundwa.

Kila ubovu uandike, piga simu duka la spea uulize bei, jumlisha na ufundi, kisha ndipo uzungumze na muuzaji. Orodha yenye bei humnyamazisha dalali kuliko maneno. Fundi wa kukagua mchague mwenyewe na umlipe kiasi maalumu, ununue usinunue. Fundi aliyeletwa na dalali ana cha juu chake ndani ya bei yako. Na jumla ya bei na matengenezo ikikaribia theluthi mbili ya bei ya pikipiki mpya ya aina hiyo, mimi ningesubiri niongeze fedha.

Mkikubaliana, mkataba uandikwe kwa namba ya chesisi na ya injini, si kwa namba ya usajili peke yake, na uwe na nakala za vitambulisho vya wote wawili, mashahidi, na saini mbele ya wakili. Tarehe iwekwe na saa, kwa sababu kosa la barabarani la asubuhi kabla ya mauziano ni la muuzaji. Pokea funguo zote mbili. Siku hiyo hiyo, kabla ya safari yoyote, mwaga oili uweke mpya, safisha chujio la hewa, kaza nati za magurudumu na urekebishe breki. Na kesho yake TRA wakifungua, uwe kwenye foleni na kadi mkononi.